Kishikwambi hakiwaki, Kindle imeganda: pa kuanzia kabla hujaenda kwa fundi

Kwenye ukoo wetu mimi ndiye ninayeletewa vifaa vilivyogoma. Shangazi ana Kindle, kile kisomeo cha vitabu vya kielektroniki cha Amazon, binamu ana tableti ya Android aliyoinunua mkononi kwa mtu, watoto wa dada wanagombania iPad moja, na mjomba ambaye ni mwalimu ana kishikwambi cha serikali. Kila mmoja huja akiwa ameshautaja ugonjwa: "kimekufa". Vingi havijafa. Na vile vilivyokufa kweli, mara nyingi vilimalizwa na mtu aliyekimbilia kuriseti (kufuta kila kitu kilichomo) au kuflashi (kuingiza mfumo upya) kabla ya kujua tatizo liko wapi.

Kwa hiyo swali langu la kwanza huwa moja: tatizo ni la umeme, la kioo, la kitabu chenyewe au la akaunti? Dalili zake zinafanana, ila tiba zake hazifanani hata kidogo. Kuriseti hakuponyi waya mbovu, lakini kunaweza kukufungia nje ya kifaa chako mwenyewe.

Hakiwaki kabisa

Badili waya kwanza, kabla hata ya chaja. Waya hukatikia ndani, pale unapoungana na kichwa chake, huku kwa nje ukionekana mzima. Chukua waya unaochaji simu ya mtu mwingine sasa hivi, si ule uliokuwa ukichaji mwaka jana. Ukishindwa huo, badili chaja, kisha soketi.

Kama bado, mulika tundu la kuchajia kwa tochi ya simu. Vifaa vinavyokaa kwenye mkoba au begi la shule hukusanya vumbi na nyuzinyuzi za nguo, na kila unapochomeka waya unazishindilia zaidi. Dalili yake ni waya usioingia hadi mwisho, unaochezacheza na kuhitaji kushikiliwa kwa pembe fulani ndipo uchaji. Zima kifaa, chukua kijiti cha meno cha mti, ukokote taratibu ukivuta kuja nje. Usitumie sindano wala pini. Kuna siku nilitoa kwenye tundu moja donge la kijivu lenye ukubwa wa punje ya mchele, na kifaa kikaanza kuchaji palepale. Ukiona rangi ya kijani au nyeupe kwenye vile vipande vya shaba, hiyo ni kutu, na sisi wa pwani tunaijua: hewa ya chumvi na jasho la mikono. Hapo ni kazi ya fundi kubadili tundu. Si kazi kubwa wala si ya kutisha, ila mwambie kabisa kwamba unataka tundu libadilishwe, hutaki programu iguswe.

Kuna waya wa aina moja unaowachanganya wengi. Vifaa vingi vya bei nafuu vyenye tundu la USB-C havichaji kwa waya wenye kichwa cha C pande zote mbili, hata chaja iwe ya gharama kiasi gani. Ukitumia waya wenye kile kichwa kipana cha zamani upande wa chaja, vinachaji bila shida. Kosa ni la mtengenezaji aliyebana matumizi kwenye saketi ya tundu, na wewe huna la kufanya zaidi ya kuutunza ule waya uliokuja na kifaa.

Sasa kifaa kilichokaa kabatini miezi bila kuguswa. Betri ya lithiamu ikishuka chini kabisa, saketi yake huanza kuilisha umeme kidogo kidogo kwa usalama, na muda huo kioo hubaki cheusi, hakuna taa, hakuna picha ya betri. Watu huchomeka dakika tano, wakaona kimya, wakakata tamaa. Chomeka, ondoka, rudi baada ya saa kadhaa. Kisha bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilie: kwenye Kindle ni sekunde 40 hivi, kwenye tableti nyingi za Android ni kati ya sekunde 10 na 30. Huko si kuriseti. Ni kukiwasha upya tu, hakifuti hata ukurasa mmoja.

Kwa vifaa vya wino wa kielektroniki kuna mtego wake hapa. Kioo cha Kindle au Kobo, kisomeo cha kampuni nyingine, kina vifuko vidogo sana vyenye chembe nyeusi na nyeupe zinazosukumwa na umeme. Zikishakaa mahali pake zinabaki hapo hata umeme ukiisha. Ndiyo maana Kindle hutumia chaji kidogo sana, na ndiyo maana pia Kindle iliyoisha betri inaweza kuendelea kukuonyesha picha nzuri ya penseli au herufi kana kwamba iko macho. Mtu anabonyeza, anagusa, haijibu, anasema imeganda. Haijaganda, ina njaa. Ichaji kwanza ndipo useme lolote.

Imechomekwa, lakini chaji inashuka

Piga hesabu. Betri ya tableti ya kawaida ina mAh 5000, yaani umeme wa ampea 5 kwa saa moja, au zaidi. Tundu la USB la taa ya sola, au la kompyuta ya zamani, hutoa nusu ampea. Hata kifaa kikiwa kimezimwa kitahitaji zaidi ya saa 10 kujaa. Kikiwa kimewashwa, mwanga umepandishwa na watoto wanatazama katuni, kinakula kuliko kinachoingia. Tafuta chaja ya ampea 2 au zaidi, au kizime wakati wa kuchaji.

Pawabenki na Kindle hukosana kwa sababu iliyo kinyume cha hiyo. Kindle inavuta umeme kidogo mno inapokaribia kujaa, pawabenki inadhani hakuna kitu kilichochomekwa, inajizima. Unaamka asubuhi unakuta imeishia katikati. Tumia chaja ya ukutani.

Joto nalo. Apple wanasema iPad itumike penye joto lisilozidi nyuzijoto 35, na kati ya Januari na Machi ndani ya gari lililoegeshwa Tanga au Mombasa hiyo hupitwa mapema sana. Kifaa kikipata joto kinakataa kuchaji au kinachaji kwa kusuasua ili kulinda betri. Kitoe kwenye kava lake, kiweke kivulini. Usikitie kwenye friji. Unyevu utakaoganda ndani ni balaa kubwa kuliko joto.

Kindle inakula chaji, tena ghafla

Kindle iliyokuwa ikikaa wiki na chaji moja, sasa inakaa siku mbili. Betri imezeeka? Labda. Lakini uliza kwanza kama kuna mtu aliyemimina ndani yake mkoba mzima wa vitabu. Kila kitabu kipya Kindle hukisoma neno kwa neno ili uweze kutafuta ndani yake baadaye, na kazi hiyo hula betri na kukifanya kifaa kiwe kizito. Ukimwaga mamia kwa mpigo, kichomeke kwenye umeme ukiache usiku kucha.

Ikiwa baada ya siku mbili tatu hali ni ileile, kuna kitabu kimoja kibovu kinachokirudisha nyuma: kila kikianza kusomwa, kinakwama, kinaanza tena. Kukipata kuna ujanja. Andika kwenye sehemu ya kutafuta neno lisilokuwepo duniani, kitu kama "zzqxw". Matokeo yatakuonyesha idadi ya vitabu ambavyo havijamalizwa kusomwa, na ukibonyeza hapo utaviona majina. Kifute kile kinachong'ang'ania kubaki, na mara nyingi ugonjwa umekwisha.

Na kama hununui wala kupakua chochote, washa hali ya ndege. Wi-Fi inayotafuta mtandao usiokuwepo inakula chaji mchana na usiku bure.

Nusu ya kioo imeganda, nusu inafanya kazi

Huu ndio msiba wa kweli wa visomeo vya wino wa kielektroniki, na wengi hawaukubali kwa sababu kioo cha juu hakina hata mchubuko. Shika kifaa karibu na dirisha, ukiinamishe mwanga upite kwa upande. Sehemu ya juu ni laini. Lakini kwenye kona moja kuna mistari myembamba iliyonyooka kama imepigwa rula, juu na chini au kulia na kushoto, na kando yake kipande cha picha ya zamani ambacho hakibadiliki hata ukifungua kurasa 10. Chini ya ile plastiki unayoigusa kuna bamba la glasi jembamba sana, na hilo ndilo lililopasuka. Mtu alikaa juu ya begi, au kifaa kilibanwa kati ya daftari na chupa ya maji.

Hakuna programu itakayolitibu hilo. Kipimo chake ni rahisi: washa upya. Kama ile alama inabaki palepale, na sehemu iliyobaki inabadilika kama kawaida, ni kioo. Bei ya kioo pamoja na ufundi mara nyingi inakaribia bei ya kifaa kingine kilichotumika, kwa hiyo uliza bei zote mbili kabla hujaamua. Shirika la Worldreader lilipoanza kugawa Kindle kwa wanafunzi wa Ghana mwaka 2010, kuvunjika kwa vioo ndiko kulikowasumbua kuliko mengine. Kava gumu lenye mfuniko wa mbele si pambo.

Usichanganye hilo na kivuli. Ukiona maandishi ya ukurasa uliopita yanafifia nyuma ya ukurasa mpya, huo si ugonjwa. Ni chembe chache zilizochelewa kurudi mahali pake. Kwenye mipangilio ya kusomea kuna chaguo la kukisafisha kioo kwa kila ukurasa. Kitakuwa kinamemeteka kidogo unapofungua, lakini kivuli kitaondoka.

Kinajibonyeza chenyewe

Chomoa chaja kwanza. Vurugu ikikoma, mbaya ni chaja. Chaja za bei ya chini hupitisha umeme wenye mtikisiko, na tachi inausoma kama vidole. Nimeona tableti ikimpigia simu mtu wa watu usiku ikiwa imechomekwa kitandani.

Ikiendelea bila chaja, futa kioo kwa kitambaa kikavu, kisha toa protekta. Protekta iliyoinuka pembeni na kuingiza vumbi huleta mambo hayo. Vifaa vya wino vya zamani, kama Kindle Touch ya 2011 na Kobo Touch, havitumii tachi ya kawaida. Vina miale ya mwanga isiyoonekana inayopita juu ya kioo kutoka ukingo hadi ukingo. Chembe ya mchanga au kipande cha biskuti kikikaa kwenye ule ukingo, kifaa kinadhani umeweka kidole hapo na hukioni kikisikia kingine. Pitisha ncha ya karatasi ngumu kwenye ukingo wote, uukung'ute.

Lakini kabla ya yote hayo, kiweke kifaa mezani ukitazame kwa ubavu. Kama kioo kimeinuka upande mmoja, au mgongo umetuna na kifaa kinayumba mezani, betri imevimba na ndiyo inayoisukuma tachi kutoka nyuma. Hapo acha. Usichaji, usikandamize kirudi, usitoboe. Kizime, kiweke mbali na vitu vinavyoshika moto, kipelekwe kwa fundi anayejua kutoa betri bila kuikunja. Hili silo la kusubiri mwisho wa mwezi.

Kitabu nimekiweka, hakionekani

Hapa kifaa hakina kosa hata kidogo, na ndipo watu wengi huanza kufuta na kuriseti.

Umenakili faili la EPUB, aina ya faili inayotumika sana kwa vitabu vya kielektroniki, kwa waya kutoka kwenye kompyuta kwenda kwenye Kindle. Faili limo, ukiliangalia kwa kompyuta unaliona, lakini kwenye Kindle hakuna kitu. Sababu ni kwamba Kindle haisomi EPUB moja kwa moja. Kobo inaisoma. Kwa Kindle una njia mbili: kulibadilisha kwanza kuwa AZW3, aina ambayo Kindle inaisoma, kwa programu ya Calibre, ambayo ni ya bure, au kulituma kwa huduma ya Amazon iitwayo Send to Kindle, ambayo imekubali EPUB tangu 2022 na inalibadilisha yenyewe njiani.

Umelituma kwa baruapepe, halifiki. Angalia mambo matatu. Je, anwani uliyotumia iko kwenye orodha ya anwani zilizoruhusiwa ndani ya akaunti yako ya Amazon? Kama haimo, faili linatupwa. Je, faili linazidi MB 50? Ukipitia tovuti yao kikomo kinapanda hadi MB 200. Je, Kindle iko kwenye Wi-Fi kweli, au uliiacha kwenye hali ya ndege ile niliyokushauri hapo juu?

Na wale waliozoea kupakua vitabu walivyonunua kutoka tovuti ya Amazon hadi kompyuta, kisha kuvihamisha kwa waya: mlango huo ulifungwa Februari 26, 2025. Si kifaa chako wala si kompyuta yako. Vitabu vingi sasa vinashuka moja kwa moja kwenye kifaa kupitia mtandao. Kunakili mafaili yako mwenyewe kwa waya bado kunawezekana.

Kitabu kilichotumwa WhatsApp hakifunguki? Linganisha ukubwa wake na ule wa aliyekutumia. Bando likikatika katikati unaweza kubaki na faili lenye jina kamili na nusu ya tumbo.

Na kuna ile ya kutafuta neno ndani ya kitabu cha Kiswahili ukaambiwa halipo, ilhali unaliona kwa macho. Jaribu maneno yenye ng'. Kile kialama cha juu kina sura zaidi ya moja: kuna kilichonyooka na kuna kilichopinda. Mchapaji akitumia kilichopinda na kibodi yako ikitoa kilichonyooka, baadhi ya programu huyahesabu kuwa maneno mawili tofauti. Jaribu kutafuta "ombe" badala ya "ng'ombe", huenda ukawapata.

PDF ina maandishi ya sisimizi

PDF ni kama picha ya ukurasa, mara nyingi imeandaliwa kwa karatasi ya A4, na wewe unaitazama kwenye kioo cha inchi 6. Kupandisha ukubwa wa herufi hakuwezekani, na hasa kama ni kitabu cha zamani kilichopigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Geuza kifaa kiwe cha ubavu, usome nusu ukurasa kwa zamu. Kama una kompyuta, programu ya K2pdfopt huukatakata ukurasa na kuupanga upya kwa kioo kidogo, na kwa vitabu vya kupigwa picha sijaona inayoishinda. Lakini ushauri wangu wa kweli: PDF nyingi zisomee kwenye tableti ya inchi 10, Kindle uiachie riwaya.

Kinasoma Kiswahili kama mgeni aliyeshuka jana

Unawasha sauti ya kusomewa kwenye tableti ya Android, inatamka "chakula" usitambue. Injini ya sauti inatumia kanuni za Kiingereza. Sauti ya Kiswahili ipo kwenye injini ya Google, ila lazima uichague kwenye mipangilio ya kusoma maandishi kwa sauti, kisha uipakue ukiwa na intaneti. Ukishaipakua inafanya kazi bila bando.

Wi-Fi imeshika, lakini hakuna kinachofunguka

Tazama saa na tarehe. Betri iliyoisha kabisa mara nyingine hurudisha tarehe miaka mingi nyuma, na tovuti zote zinakataa kwa madai kwamba muunganisho si salama. Rekebisha tarehe, tatizo linayeyuka. Kwenye Kindle za zamani, na vishikwambi vya bei ya chini, tatizo jingine ni masafa: vingi vinaona Wi-Fi ya GHz 2.4 pekee, kwa hiyo ukiwasha simu itoe mtandao wa GHz 5, havitauona kamwe. Kindle zilizotoka 2012 na kurudi nyuma zilitakiwa kusasishwa kabla ya Machi 22, 2016 ili ziendelee kuunganika. Ukikuta moja ambayo haikusasishwa, sasisho lake unalipakua kwa kompyuta na kulihamisha kwa waya.

Memori imejaa, kila kitu kizito

Tableti ya GB 16 inaanza maisha na pungufu sana ya hizo, maana mfumo umeshachukua zake. Anza na video za makundi ya WhatsApp. Memori kadi inasaidia, ila jihadhari na ile ya GB 128 inayouzwa kwa bei ya soda: ndani yake kuna GB 8 zilizodanganywa kuripoti 128. Dalili yake ni mafaili ya mwanzo kuwa mazima na ya baadaye kuonekana kwa jina lakini hayafunguki. Programu ya H2testw kwenye Windows huiumbua kadi ya namna hiyo kwa kuijaza hadi mwisho na kusoma upya.

Kinadai akaunti ya mtu nisiyemjua

Tangu Android 5.1, kifaa kikifutwa kwa nguvu kupitia vitufe bila akaunti kuondolewa kwanza, kikiwaka hudai akaunti ya Google iliyokuwemo. iPad ina ulinzi kama huo tangu iOS 7 ya 2013. Kwa hiyo yule fundi aliyekuambia "tunaiflashi tu inakuwa mpya" anaweza kukurudishia kifaa kilichofungwa, na bila mwenyewe wa kwanza hakuna pa kutokea. Binamu yangu alinunua tableti inayofanya kazi vizuri, ikawa nzito kidogo, ikafutwa, na muuzaji alishabadili namba.

Unaponunua mkononi, kwa hiyo, muuzaji aingie kwenye mipangilio mbele yako, aondoe akaunti yake, ndipo afute vyote kutoka ndani ya mipangilio hiyohiyo. Subiri kiwake upya. Kikifika kwenye kuchagua lugha na kukuruhusu uweke akaunti yako, toa pesa. Kwa Kindle, isajili kwa akaunti yako palepale kwa Wi-Fi ya simu. Iliyoripotiwa kuibwa itakataa kusajiliwa.

Vishikwambi vya ofisi na shule ni habari nyingine. Vile vilivyotumika kwenye Sensa ya Tanzania ya 2022 na baadaye kupewa walimu ni mali ya serikali. Kikianza kudai nywila ya msimamizi, au programu fulani inakataa kusakinishwa, kipeleke kwa afisa TEHAMA wa halmashauri na namba yake ya utambulisho. Mjomba alitaka kukipeleka kwa fundi wa stendi. Nilimzuia mlangoni.